Masizi ya Kooni

Dalili ya kwanza huja wakati dereva hana kazi ya kufanya. Amefika kwenye taa, ameachia mafuta, ameshika klachi, anasubiri. Injini inashuka, inatetemeka kidogo, inazima. Akipiga stata inawaka palepale, na akiondoka inavuta vizuri tu. Kwenye taa zinazofuata inazima tena. Wiki ikipita ameshazoea kushikilia mafuta kidogo kila anaposimama, na mazoea hayo yanamsahaulisha kwamba pikipiki inaumwa.

Kama pikipiki hiyo ni ya nozeli, yaani petroli yake inapulizwa kwa amri ya kontroli boksi badala ya kunyonywa kupitia kabureta, mahali pa kuanzia ni bodi ya throto. Ni kipande cha alumini chenye tundu la mviringo, kimekaa kati ya boksi la chujio la hewa na injini. Ndani ya tundu kuna sahani nyembamba ya chuma iliyofungwa kwenye mhimili, nami nitaiita kipepeo. Ukivuta mafuta kipepeo kinageuka, hewa inapita. Ukiachia kinajifunga. Sura hii inahusu wakati kimejifunga, maana kwa kweli hakijifungi chote.

Najua wasomaji wengi wanaendesha Boxer au TVS HLX, na nyingi kati ya hizo bado zina kabureta. Wasiruke sura. Nozeli kwenye pikipiki si jambo la jana: Kawasaki waliiweka kwenye pikipiki zao za cc 1000 mwaka 1980, na Honda wakafuata na CX500 Turbo mwaka 1982. Lakini kwa miaka mingi ilikuwa anasa ya wenye pikipiki kubwa. Kilichobadilisha mambo ni sheria za moshi. Ulaya ilizibana pikipiki mpya kwa kiwango cha Euro 4 kuanzia 2016, na India, ambako ndiko zinakotoka nyingi tunazoziona vijiweni, ilianza kudai kiwango cha BS6 tarehe 1 Aprili 2020. Viwanda vya India vikahamishia aina nyingi za pikipiki kwenye nozeli, hata zile ndogo. Fundi wa Afrika Mashariki ambaye hajawahi kufungua bodi ya throto ataifungua tu, na ni afadhali ajue anachokitazama kabla hajachomoa bisibisi.

Tufanye hesabu ndogo. Injini ya cc 125 ikiwa kwenye sailensi, mafuta yameachiwa kabisa, huzunguka kama mara 1,400 kwa dakika. Injini ya mipigo minne huvuta hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo inavuta mara 700. Mara 700 za cc 125 ni lita 87 na nusu. Hewa iliyo nyuma ya kipepeo ni nyembamba kuliko ya nje, hivyo hewa halisi inayoingia ni pungufu sana ya hapo, lakini yote lazima ipate pa kupitia. Njia zake ni mbili. Ya kwanza ni mwanya mwembamba uliobaki kati ya ukingo wa kipepeo na ukuta wa tundu. Ya pili ni kijia cha pembeni kinachokizunguka kipepeo, ambacho kwenye pikipiki nyingi hufunguliwa na kubanwa na valvu ndogo ya umeme, na kwenye nyingine na skrubu.

Sasa chukua tundu lenye kipenyo cha milimita 24. Mzingo wake ni kama milimita 75. Mwanya wa milimita 0.05 kuzunguka mzingo wote unatoa nafasi isiyofika milimita 4 za mraba, padogo kuliko kichwa cha njiti ya kiberiti. Masizi yenye unene wa milimita 0.02 yakiganda ukingoni, asilimia 40 ya nafasi hiyo imekwenda. Lakini kipepeo kikigeuka hadi nusu ya safari yake, nafasi inapita milimita 100 za mraba, na masizi yaleyale hayana uzito wowote. Ndiyo maana pikipiki inayozima kwenye taa inapanda mlima bila kulalamika, na ndiyo maana dereva humwambia fundi kwamba injini ni nzima. Kwa upande huo, ni nzima kweli.

Kwa muda mrefu kontroli boksi huficha tatizo. Ikiona mzunguko umeshuka, inaamuru ile valvu ya pembeni ifunguke zaidi, na sailensi inarudi. Masizi yakiongezeka, inaifungua tena. Siku moja valvu inafika mwisho wa safari yake, au nayo imeganda masizi haisogei, na hapo ndipo dereva anajua. Kwa hiyo pikipiki inayoanza kuzima leo haikuchafuka leo.

Masizi haya yanatoka wapi? Jibu la haraka la kijiweni ni petroli mbaya. Petroli mbaya ipo na ina madhara yake, lakini hapa inasingiziwa. Kwenye pikipiki nyingi za nozeli, petroli hupulizwa baada ya kipepeo, karibu na valvu ya kuingizia. Haikigusi kipepeo hata tone. Hapo ndipo kabureta na throto zinapoachana: kwenye kabureta petroli hupita palepale hewa inapopita, ikiosha koo kila sekunde, na ugonjwa wake mkubwa ni utomvu unaobaki kwenye jeti pikipiki ikilala muda mrefu. Koo la throto halioshwi na chochote. Ile chupa ya dawa inayouzwa sheli, unayoambiwa uimimine kwenye tangi ili isafishe mfumo wote, inaweza kusaidia nozeli na mgongo wa valvu. Kipepeo haikifikii. Anayekuuzia akikuhakikishia vinginevyo, mwombe akuonyeshe kwa kidole njia ambayo dawa itapita.

Chanzo halisi ni injini yenyewe, na kwa njia mbili. Kila mlipuko ndani ya silinda husukuma gesi kidogo ipenye pembeni mwa ringi za pistoni na kushuka kwenye kranki. Huko inachanganyika na ukungu wa oili. Gesi hiyo isipopata pa kutokea italazimisha sili zivuje, kwa hiyo injini imewekewa bomba la kupumulia, na kwa kuwa sheria za moshi haziruhusu hewa hiyo kuachiwa nje, bomba hurudishwa kwenye boksi la chujio ili injini iivute tena na kuichoma. Hewa inayofika kwenye kipepeo, basi, tayari ina oili.

Njia ya pili ni moshi unaorudi nyuma. Kuna kipindi kifupi ambapo valvu ya kutolea haijafunga na ya kuingizia imeshaanza kufunguka. Injini ikienda kasi hilo ni faida, maana moshi unaotoka huvuta hewa mpya. Kwenye sailensi mambo hugeuka: mvuto nyuma ya kipepeo ni mkali, na moshi kidogo hunyonywa kurudi upande wa kuingizia. Moshi huo una masizi. Oili inayaganda, joto la injini linayakausha, na kila siku tabaka linaongezeka kidogo. Ndiyo sababu pikipiki inayoshinda mjini, simama-ondoka kutwa nzima, huchafuka koo haraka kuliko inayokwenda safari ndefu, hata kama kilomita ni zilezile.

Ukishaelewa hivyo, utaona kwa nini nasisitiza fundi asifute kwanza. Afungue boksi la chujio, achomoe mpira wa kuunganishia, achukue tochi, atazame. Apitishe kidole. Masizi meusi, membamba, yenye mafuta kidogo, yaliyo upande wa injini na ukingoni mwa kipepeo, ni ya kawaida. Hayo ni ya kufuta na kusahau. Oili mbichi iliyotuama chini ya boksi la chujio ni habari nyingine. Mara nyingi maana yake ni kwamba injini imejazwa oili kupita kiasi. Chupa za oili huuzwa za lita moja, na zipo injini ndogo ambazo wakati wa kubadilisha hazihitaji lita nzima. Fundi anamimina yote kwa sababu mteja amelipia yote, na kranki inapiga oili iliyozidi hadi inakuwa ukungu unaopanda kwenye bomba la kupumulia. Kama kipimo kinaonyesha oili iko sawa na bado boksi limelowa, ringi ndizo za kutiliwa shaka.

Vumbi upande wa chujio ni baya kuliko vyote, hasa lile jekundu la barabara za ndani. Limepitaje? Chujio limepasuka, au limewekwa vibaya, au mtu amelitoa kabisa ili pikipiki ipumue. Vumbi hilo halibaki kwenye koo. Linashuka hadi kwenye silinda na kusaga kuta zake, na gharama yake haifanani hata kidogo na ya kusafisha throto. Wa maeneo ya baridi, Njombe au Limuru, wanaweza kukuta ute mweupe wenye unyevu. Ni maji yaliyochanganyika na oili kwa sababu injini inazimwa kabla haijapata moto wa kutosha kuyakausha. Honda nyingi ndogo zina kijibomba chenye kizibo chini ya boksi la chujio, kilichowekwa mahsusi kukusanya uchafu wa bomba la kupumulia. Vitabu vyao vinaelekeza kimwagwe mara kwa mara, na mara nyingi zaidi pikipiki ikiendeshwa mvuani au ikiwa imeanguka. Nimeona pikipiki ambazo kizibo hicho hakijawahi kuguswa tangu ziondoke kiwandani. Kukimwaga hakuhitaji hata spana.

Kusafisha kwenyewe si kazi ngumu, na ugumu pekee ni kujizuia. Injini iwe imepoa, swichi imezimwa, kazi ifanyike nje penye upepo, na mwenye sigara akae mbali. Vaa miwani na glavu, kwa sababu dawa hizi zinachoma macho na kukausha ngozi. Tumia dawa iliyoandikwa kwamba ni ya throto. Dawa ya kabureta ya kopo ni kali zaidi. Nyingine zina viyeyusho vinavyovimbisha oringi za mpira, na bodi nyingine za throto zimepakwa kiwandani utando mwembamba wa kuziba mwanya ambao dawa kali huubandua. Utando huo huonekana kama uchafu wa kijivukijivu. Fundi msafi kupita kiasi huusugua hadi alumini ing'ae, kisha anashangaa kwa nini sailensi imepanda na haishuki.

Dawa ipulizwe kwenye kitambaa au mswaki laini, isimwagwe kooni. Ikitiririka inafuata mhimili wa kipepeo hadi kwenye sensa ya throto iliyo pembeni, na sensa ikilowa inaanza kusema uongo. Kama bodi imetolewa, ilazwe sensa ikiwa juu. Fungua kipepeo kwa kuvuta mkono wa mafuta, futa ukingo wake pande zote mbili, kisha futa ule mstari mweusi ukutani, pale kipepeo kinapokaa kikijifunga. Mstari huo ndio ugonjwa. Sehemu nyingine ya koo ikibaki na weusi haidhuru. Msasa, brashi ya waya na ncha ya bisibisi havina kazi hapa. Mkwaruzo mmoja ukingoni ni mwanya ambao hakuna dawa ya kuuziba. Na kwa pikipiki ambazo kipepeo huzungushwa na mota, hazina waya wa mafuta hadi kwenye throto, usikisukume kwa kidole: ndani kuna gia ndogo na kontroli boksi imekariri mahali kipepeo kinapopumzika.

Valvu ya hewa ya pembeni, kama ipo, hufunguliwa na kufutwa ncha yake na tundu lake. Isivutwe wala kusukumwa kwa nguvu, na swichi isiwashwe ikiwa imetolewa, maana itajaribu kusogea kutafuta mahali pake na kuipitiliza safari. Oringi yake iangaliwe kabla ya kurudishwa.

Sasa niseme habari ya skrubu, ambayo imeharibu throto nyingi kuliko masizi. Maongezi yenyewe tunayajua.

"Fundi, inazima kila nikiachia mafuta."

"Hiyo kabureta, bosi. Niachie saa moja nikuoshee."

"Haina kabureta hii."

"Basi tutaipandisha sailensi. Kaa hapo."

Fundi anaona kando ya throto skrubu inayofanana na ile ya kabureta, anaizungusha, mzunguko unapanda, mteja analipa anaondoka. Kilichotokea ni kwamba kipepeo sasa hakirudi mahali pake pa zamani. Sensa ya throto hupewa volti 5, na kipepeo kikijifunga hurudisha kwenye kontroli boksi kiasi kidogo, kwenye pikipiki nyingi karibu na volti 0.5. Volti hiyo kwa kontroli boksi ina maana moja: dereva ameachia mafuta. Skrubu ikikiinua kipepeo, volti inapanda, na kontroli boksi inaamini kwamba dereva anavuta kidogo muda wote. Inaacha kuitunza sailensi. Tena, pikipiki hizi hukata petroli kabisa unapoteremka mlima bila kuvuta mafuta. Ukiteremka Kitonga na skrubu hiyo imeguswa, huenda nozeli ikaendelea kupuliza hadi chini. Mteja atarudi kulalamika kuhusu ulaji wa mafuta, na hakuna atakayeikumbuka skrubu.

Honda wanapaka rangi nyeupe kwenye skrubu na nati ambazo kiwanda hakitaki ziguswe, na vitabu vyao vya ufundi vinasema hivyo waziwazi. Rangi ikiwa imepasuka, jua kuna mtu ameshapita.

Kuna pikipiki ambazo skrubu ya hewa iliwekwa ili iguswe, na ni haki kuzitaja. BMW za silinda mbili zilizolala ubavuni, zile za R 1100 zilizoanza mwaka 1993 na za R 1150 zilizofuata, ambazo wasafiri wa Ulaya bado wanazipitisha kwetu wakielekea kusini, zina bodi ya throto kwa kila silinda, na kila bodi ina skrubu kubwa ya shaba inayopima hewa ya pembeni. Masizi hukaa kwenye ncha ya skrubu hiyo, na hayakai sawa pande zote mbili. Silinda moja inapata hewa pungufu, nyingine inaibeba, na injini inatikisa mpanda pikipiki hadi ganzi inamshika viganjani. Unaifunga skrubu polepole hadi iguse, ukihesabu mizunguko. Unaitoa, unasafisha ncha na kijia chake, unairudisha na kuifungua kwa hesabu ileile. Kisha injini ikishapata moto, silinda zote mbili zinaunganishwa na kipimo cha mvuto na kusawazishwa. Bila kipimo, sikio peke yake litakudanganya. Pikipiki yoyote yenye throto zaidi ya moja inahitaji kipimo hicho baada ya kusafishwa, na fundi asiyekuwa nacho aseme mapema.

Baada ya kufunga kila kitu, injini inaweza kuwaka kwa shida na kutoa moshi kidogo. Ni dawa iliyobaki inaungua. Sailensi ikiwa juu kuliko kawaida usishike bisibisi. Kontroli boksi bado inafuata mazoea ya koo chafu: imeizoea valvu iliyo wazi sana, na sasa hewa inapita pande zote. Nyingine hujifunza upya zenyewe zikiachwa zingurume hadi zipate moto, nyingine zina utaratibu wa kuzirudisha mwanzo ulioandikwa kwenye kitabu cha pikipiki husika, na utaratibu wa kampuni moja haufai kwa nyingine.

Taa ya injini kwenye deshibodi nayo isomwe vizuri. Masizi kwa kawaida hayaiwashi, kwa sababu nyaya na sensa zote ni nzima. Tatizo ni hewa. Lakini ikianza kupepesa baada ya kusafisha, kwanza rudia kazi ya mikono yako. Kwenye Honda, mpepeso mrefu ni kumi na mfupi ni moja: mifupi minane inaitaja sensa ya throto, mirefu miwili na mifupi tisa inaitaja valvu ya hewa ya sailensi. Mara nyingi ni plagi ya waya iliyosahauliwa nje au haikubana hadi mwisho.

Koo likiwa safi na bado injini inazima, acha throto. Angalia mpira unaounganisha bodi na injini. Ukipasuka, hewa inaingia bila kupimwa. Nyunyizia maji kidogo kwenye mpira injini ikinguruma, na mzunguko ukibadilika umepata tundu. Wapo wanaonyunyizia petroli kwa kazi hiyohiyo, karibu na eksozi yenye moto, na sijui wanawaza nini. Mpira ukiwa mzima, pima nafasi ya valvu, kwa sababu valvu iliyobana haifungi vizuri, na injini ndogo huonyesha kasoro hiyo kwenye sailensi kabla ya kwingine.

Na kama ulikuta oili mbichi, usimruhusu mteja aondoke na koo safi tu. Rekebisha kiasi cha oili, mwaga kile kijibomba, kausha boksi, kisha mwambie arudi chujio likaguliwe baada ya kilomita elfu moja. Akirudi na boksi kavu, ilikuwa oili ya kuzidi. Akirudi limelowa tena wakati kipimo kinaonyesha oili imepungua, fungua mazungumzo ya ringi na silinda siku hiyohiyo, kabla hajatumia fedha nyingine kwenye dawa ya kupuliza.